Maswali ya Wasomaji: Mungu, Ahera na Mizani ya Maabara

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja, nasi tumeziacha zielemee. Kabla ya kujibu tunaomba jambo moja: swali la Mungu na swali la maisha baada ya kifo yasitiwe kapu moja. Watu huyafunga pamoja kwa kuwa dini huyafundisha pamoja, lakini mbele ya sayansi hayafanani. La kwanza haligusiki kwa urahisi. La pili limeguswa sana, na mahali pengine limejeruhiwa.

Swali: Ndugu Mhariri, kaka yangu anasema sayansi imekwisha thibitisha kuwa hakuna Mungu. Mimi namjibu kwamba sayansi haiwezi kuthibitisha kutokuwepo kwa kitu chochote. Nani kati yetu ana haki? – Mbishi wa Nyumbani

Jibu: Nyote wawili mmeteleza, na kosa lako ndilo tunalokutana nalo mara nyingi zaidi. Sayansi hufuta vitu kila siku, mradi kitu chenyewe kina anwani.

Chukua mfano wa Urbain Le Verrier, mtaalamu wa hisabati wa Ufaransa. Aliona kuwa sayari ya Uranusi haipiti pale hesabu inapotaka ipite, akasema iko sayari nyingine inayoivuta, akaandika mahali pa kuitafuta. Usiku wa Septemba 23, 1846, Johann Galle alielekeza darubini yake kutoka Berlin na kuikuta ikiwa chini ya nyuzi 1 kutoka mahali alipoambiwa. Ndiyo Neptuni. Mwaka 1859 Le Verrier huyohuyo akagundua kasoro katika mwendo wa Utaridi, akatumia mbinu ileile, akatabiri sayari iliyo karibu zaidi na jua. Ikapewa jina, Vulcan, kabla haijathibitishwa na mtu. Waliitafuta kwa zaidi ya nusu karne, hasa nyakati za kupatwa kwa jua. Kisha mwaka 1915 Albert Einstein akaonyesha kwamba ile kasoro, sekunde 43 za pembe kwa karne (sekunde ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja), inatokana na namna mvutano wa jua unavyofanya kazi kwa karibu. Vulcan ikazikwa.

Mambo matatu ndiyo yaliyoizika, na yalihitajika yote. Ilikuwa na mahali maalumu pa kutafutwa. Vyombo vilivyotumika vingeiona kama ingekuwepo. Na lile ililoitwa kulieleza likapata maelezo bora. Ng'ombe asipoonekana uani, hayumo uani. Sindano isipoonekana, bado hujasema kitu mpaka utueleze umeitafuta kwa taa gani na kwa muda gani.

Sasa muulize kaka yako: Mungu yupi? Kama ni mungu anayesemwa kuwa hushusha mvua kila akitajwa kwa maneno fulani, huyo ana anwani, na anaweza kupimwa kama Vulcan. Lakini Mungu anayefundishwa na dini kubwa ni yule anayeshikilia kuwepo kwa kila kitu, pamoja na sheria zenyewe za maumbile. Ukipima leo, au kesho, au kwenye nyota ya mbali, matokeo utakayopata yanalingana na kuwepo kwake na pia na kutokuwepo kwake. Hakuna usomaji wa kipimo utakaomkataa. Hapo kaka yako anavuka mpaka.

Usianze kushangilia, lakini. Dai lisiloweza kuangushwa na kipimo chochote haliwezi pia kuinuliwa na kipimo chochote. Huwezi kuikataa maabara ikikupinga kisha ukaikimbilia ikikupendeza. Mwanafalsafa Karl Popper, aliyeweka mwaka 1934 kigezo cha dai kuweza kukanushwa, alikuwa anatenganisha sayansi na yasiyo sayansi. Hakusema kwamba kisichopimika ni upuuzi. Hilo wameliongeza wengine.

Swali: Kama maombi hujibiwa, kwa nini yasipimwe hospitalini kama dawa zinavyopimwa? – Mfamasia

Jibu: Yamepimwa. Jaribio linalotajwa zaidi lilitolewa mwaka 2006 na Herbert Benson na wenzake: wagonjwa 1,802 katika hospitali sita za Marekani, wote wakifanyiwa upasuaji wa kuunga mishipa mipya ya damu kwenye moyo. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza, watu 604, liliombewa lakini likaambiwa huenda linaombewa au haliombewi. La pili, watu 597, halikuombewa, nalo likaambiwa maneno yaleyale. La tatu, watu 601, liliombewa na likajulishwa wazi. Waombaji walitoka vikundi vitatu vya Kikristo, walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya mwanzo ya jina la pili, wakaomba kwa siku 14 kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji. Kilichohesabiwa ni matatizo ya kiafya ndani ya siku 30.

Walioombewa bila kujua: asilimia 52 walipata matatizo. Wasioombewa: asilimia 51. Walioombewa na kujua: asilimia 59. Hiyo ya mwisho iliwashangaza wengi. Huenda mgonjwa akiambiwa anaombewa na watu asiowajua huanza kujiuliza hali yake ni mbaya kiasi gani, au huenda ni bahati tu ya hesabu.

Sasa angalia jaribio hili limefuta nini hasa, kwa kuwa hapa ndipo magazeti huharibu. Kwa makundi ya watu 600 hivi, tofauti ya asilimia inayumba kwa takribani 5.7 juu na chini. Kwa hiyo limefuta dai kwamba maombi ya wageni, ya siku 14, hupunguza matatizo kwa zaidi ya kama 5 katika kila wagonjwa 100. Nafuu ya mtu 1 au 2 katika 100 isingeonekana. Zaidi ya hapo, hakuna aliyeweza kuwazuia mama, wake na watoto wasiombe. Kundi lililoitwa "lisiloombewa" kwa kweli ni kundi lisiloombewa na wale wageni. Katika jaribio la dawa hali hiyo ingekuwa sawa na kila mgonjwa kuja na vidonge vyake mfukoni, visivyojulikana idadi.

Na kuna tatizo ambalo takwimu haziligusi. Kidonge hakijui kama kinapimwa. Mwenye hiari anajua, na anaweza kukataa. Ajabu ni kwamba maandiko yenyewe yana jaribio lililopangwa vizuri: Gideoni, katika Waamuzi sura ya 6, aliomba ngozi ya kondoo ilowe umande na ardhi ibaki kavu, kisha usiku wa pili akageuza, ngozi kavu na ardhi mbichi. Kugeuza huko kunaondoa maelezo rahisi kwamba sufu hunyonya maji tu. Mtafiti wa leo angempa alama nzuri, ingawa angelalamika kuwa siku mbili ni chache.

Swali: (Tumeunganisha barua mbili.) Ni kweli roho ina uzito wa gramu 21? Na kama nishati haipotei, si ina maana roho nayo haipotei?

Jibu: Gramu 21 zilitoka kwa mtu mmoja aliyelala kwenye mizani moja. Daktari Duncan MacDougall wa Massachusetts aliweka vitanda vya wagonjwa mahututi juu ya mizani ya boriti, akatangaza matokeo mwaka 1907. Wagonjwa walikuwa sita. Matokeo ya wawili aliyatupa mwenyewe kwa kuwa mizani haikuwa imewekwa sawa. Kati ya wanne waliobaki, mmoja alipungua robo tatu ya wakia, ambayo ni gramu 21. Wengine walipungua kwa viwango tofauti. Yuko ambaye uzito ulishuka kisha ukarudi, na yupo aliyeendelea kupungua baada ya kutangazwa amekufa. Mizani yenyewe ilikuwa na usikivu wa sehemu mbili za kumi za wakia, karibu gramu 6. Kisha akapima mbwa 15, akaona hawapungui, akahitimisha kuwa mbwa hawana roho. Mtu akikutajia gramu 21, muulize gramu za wale wengine ziko wapi.

Kipimo chenyewe ni kigumu kuliko kinavyoonekana. Mwili hupoteza maji kwa pumzi na ngozi. MacDougall mwenyewe alihesabu wakia 1 hivi kwa saa, yaani gramu 28. Hewa ya joto inayopanda kutoka mwilini husukumasukuma mizani. Na tatizo kubwa zaidi: uandike saa ngapi? Pumzi, mapigo ya moyo na ubongo havikomi dakika moja. Ukiwa huru kuchagua dakika ya kifo baada ya kuona mizani imecheza, utapata uzito wowote unaoutaka.

Kuhusu nishati: haipotei, ni kweli, na hesabu yake si siri. Mwili uliopumzika hutoa joto la wati 80 hadi 100, ubongo ukichukua kama 20. Uchomaji wa chakula ukikoma, kinachobaki ni joto lililokwisha kuwepo. Mwili wa kilo 70 una kilojuli 245 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukipoa kutoka nyuzi 37 hadi 25 umeachia kilojuli 2,900 kwenye hewa na shuka, sawa na kilokalori 700. Huko ndiko nishati ilikokwenda. Ukifuta ubao, chaki haikupotea, iko kwenye kitambaa na sakafuni. Maandishi ndiyo hayapo. Anayetetea roho asitegemee sheria ya nishati, kwa sababu sheria hiyo inalinda chaki na haijali sentensi.

Na asiunganishe barua hizi mbili kama mmoja wenu alivyofanya, akisema gramu 21 "ziligeuka nishati zikaondoka". Gramu 21 zikigeuka nishati zote ni sawa na tani 450,000 za baruti ya TNT, mara 30 ya bomu la Hiroshima. Mji mzima ungejua kuwa mgonjwa amefariki.

Swali: Kazini nimesikia wagonjwa waliozinduliwa baada ya moyo kusimama wakisema walijiona kutoka darini. Wengine si watu wa kutunga. Sayansi inasemaje? – Muuguzi wa Wodi ya Wagonjwa Mahututi

Jibu: Ndugu muuguzi, hapa kuna madai matatu, na mabishano mengi hutokana na kuyachanganya.

La kwanza, kwamba watu hupata mang'amuzi hayo kweli. Hilo limekwisha. Pim van Lommel na wenzake waliwahoji wagonjwa 344 waliozinduliwa katika hospitali 10 za Uholanzi. 62, yaani asilimia 18, walikuwa na kitu cha kusimulia (matokeo ya 2001).

La pili, kwamba yalitokea wakati ubongo umezimika. Hili lina utata. Moyo ukisimama, fahamu hupotea na mawimbi ya ubongo hulala ndani ya sekunde 10 hadi 20. Lakini ninyi mnakandamiza kifua, na damu kidogo inafika kichwani. Zaidi ya hayo, kumbukumbu haina saa ndani yake: aliyeota dakika mbili kabla ya kuamka anaweza kuhisi ameota usiku kucha. Mwaka 2013 mtafiti Jimo Borjigin na wenzake waliripoti panya tisa ambao bongo zao, ndani ya sekunde 30 baada ya moyo kusimama, zilitoa mawimbi ya kasi yaliyopangika kuliko walipokuwa macho. Mwaka 2023 kundi hilohilo lilirekodi wagonjwa wanne walioondolewa mashine ya kupumulia. Wawili walionyesha mfumko kama huo. Wote walifariki, hivyo hakuna wa kutuambia walichoona, kama kilikuwepo. Tunalojua ni kwamba neno "umezimika" lilikuwa limetumiwa mapema mno.

Kuhusu kujiona kutoka juu, daktari Olaf Blanke alionyesha mwaka 2002 kwamba kuchochea kwa umeme sehemu ndogo ya upande wa kulia wa ubongo wa mgonjwa mmoja wa kifafa kulimfanya ahisi ameuacha mwili. Marubani wanaozungushwa kwenye mashine mpaka damu iondoke kichwani hueleza kuona kama wamo ndani ya bomba jeusi. Haya hayathibitishi kuwa wagonjwa wako waliona njozi tu. Ubongo ulioguswa ukaonyesha taa haimaanishi kuwa hakuna taa duniani. Yanaonyesha tu kwamba mang'amuzi peke yake hayatoshi kuwa ushahidi.

Ndiyo maana dai la tatu ndilo lenye uzito: kwamba mgonjwa aliona kitu ambacho macho yake yasingeweza kukiona. Hilo lina anwani. Daktari Sam Parnia na wenzake waliweka rafu karibu na dari zenye picha zinazotazama juu, ili anayeelea azione na aliyelala asizione. Tazama namba zilivyoyeyuka: matukio 2,060 ya moyo kusimama katika hospitali 15, waliopona 330, waliohojiwa 140, waliomaliza mahojiano yote 101, wenye mang'amuzi ya aina hii 9, waliokumbuka kuona na kusikia tukio lenyewe 2. Na hao wawili hawakuwa kwenye vyumba vyenye rafu. Miaka mingi ya kazi, na mtego haukupitiwa na mnyama hata mmoja. Awamu ya pili (2023) ilitumia kompyuta kibao iliyoonyesha picha juu ya kichwa, na vipokea sauti vilivyotaja majina ya matunda matatu. Matukio 567, waliopona 53, waliohojiwa 28. Hakuna aliyeitambua picha. Mmoja aliyataja matunda, na sikio lenye damu kidogo linaweza kusikia.

Kimya cha watu 28 kinasema nini? Ipo kanuni ya haraka: tukio lisipotokea hata mara moja katika majaribio *n*, uwezekano wake bado unaweza kufika 3 kugawanya kwa *n*. Hapa ni kama asilimia 10. Na kwa kuwa wengi wa 28 hawakusema kuwa walitoka mwilini, idadi halisi iliyopimwa ni ndogo zaidi. Dai hili halijafutwa. Ila nalo halijafaulu mtihani hata mmoja uliopangwa, na hilo si jambo dogo. Ili liamke lisingehitaji mengi: picha ikichaguliwa na mashine kati ya 10 na kila aliye chumbani asiijue, wagonjwa watatu mfululizo wakiitaja sawasawa, bahati ya kubahatisha ni 1 katika 1,000.

Kwa wewe uliye wodini: mgonjwa akianza kusimulia, andika maneno yake kama yalivyo, pamoja na saa, kabla hujamwambia lolote na kabla ndugu hawajafika. Usiulize "Ulituona?" Uliza "Unakumbuka nini?" Andika pia alichokosea, kama vile kusema daktari alikuwa na ndevu wakati hana. Simulizi nyingi nzuri zimeharibika kwa sababu makosa yaliachwa na yaliyolingana yakahifadhiwa.

Swali: Nimesoma kwamba ubongo ni kama redio: hupokea fahamu, hautengenezi. Redio ikivunjika, kituo cha matangazo kinaendelea. Kuna ubaya gani na mfano huu? – Mpenda Falsafa

Jibu: Si mfano wa kijinga; mwanafalsafa William James alitetea wazo la jamii hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Ubaya wake unaonekana ukitazama redio *inavyoharibika*. Redio mbovu hukwaruza, hupoteza sauti, hunyamaza. Haimfanyi mtangazaji asahau jina la mkewe, wala haigeuzi mpole kuwa mtu wa matusi. Ubongo ukiharibika hufanya mambo hayo hasa: humsahaulisha mtu na kugeuza tabia yake. Mwaka 1848 chuma cha kilo 6 kilipenya kichwani mwa Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli. Alipona, lakini waliomfahamu walisema si yeye tena. Mwaka 1953 Henry Molaison alitolewa sehemu za ndani za ubongo, pande zote mbili, ili kutibu kifafa. Tangu hapo mpaka kifo chake mwaka 2008 hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake. Kama kumbukumbu hutunzwa na nafsi iliyo nje, kwa nini kisu kilizizuia? Na nusukaputi, je? Dawa ikipanda kidogo kwenye damu haikuachi ukiwa gizani ukingoja. Wewe mwenyewe huwepo kungoja.

Mwenye redio anaweza kuongeza viraka: labda nafsi ina kumbukumbu zake za pili, labda tabia ya kweli imejificha. Kila kiraka kinaokoa nadharia na kuifanya iseme machache zaidi. Maoni yetu ni kwamba hapa sayansi haijafuta, ila imepandisha sana gharama ya kuamini kwamba mtu huondoka mwilini akiwa na kumbukumbu na tabia zake kamili.

Ila angalia kilichoguswa. Kilichoguswa ni nafsi inayojitegemea bila mwili. Ufufuo ni fundisho jingine: mtu amekufa kweli, na Mungu anamrudisha kwa uwezo wake. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikuwa mkali kuhusu jambo hili. Kukana ufufuo wa miili ni moja ya mambo matatu aliyoyahesabu kuwa ukafiri kwa wanafalsafa wa zama zake. Ushahidi wote wa ubongo, kuanzia kile chuma mpaka nusukaputi, haumgusi anayetegemea ufufuo peke yake, kwa sababu naye anaweza kukubali kuwa bila mwili hakuna mtu. Inashangaza jinsi waumini wengi wanavyopigania redio na kuacha ngome yao wenyewe. Anabaki na swali gumu, kwamba aliyerudishwa ni yeye au ni nakala yake, lakini hilo halina kipimo cha maabara.

Swali: Mlipuko Mkuu (Big Bang) si ushahidi kuwa ulimwengu uliumbwa?

Jibu: Muulize aliyeianzisha nadharia hiyo. Georges Lemaître alikuwa padri Mkatoliki wa Ubelgiji, naye ndiye aliyeandika kuhusu kutanuka kwa ulimwengu mwaka 1927 na kupendekeza mwanzo wake mwaka 1931. Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji katika hotuba ya mwaka 1951, padri huyo hakufurahi. Kwake nadharia ilibaki nje ya swali la Mungu. Alikuwa na sababu. Nadharia inaeleza jinsi ulimwengu ulivyopoa kutoka hali ya joto kali sana miaka bilioni 13.8 iliyopita. Haisemi kilichotangulia, wala kwamba hakukuwa na kitu. Anayejenga imani juu yake ajiandae kuhama kila fizikia inapohama. Na mwanafizikia anayesema ulimwengu umetokea "bila kitu", chunguza "bila kitu" chake: mara nyingi ndani yake utakuta sheria, milinganyo na uga (kama ule wa sumaku), na mtu mwenye njaa ya hoja atauliza hivyo navyo vilitoka wapi.

Swali: Je, ni kweli wanasayansi wote hawaamini?

Jibu: Hapana. Shirika la utafiti la Pew liliwahoji mwaka 2009 wanachama wa chama kikubwa cha wanasayansi wa Marekani: asilimia 33 walimwamini Mungu, 18 waliamini nguvu fulani ya juu, 41 hawakuamini kimojawapo. Ni wachache kuliko raia wa kawaida wa nchi hiyo, lakini kura si kipimo. Nusu ya chumba kuinua mkono hakubadilishi kilicho chini ya darubini.

Swali: Nataka kuacha jaribio langu mwenyewe, ili nikifa na kama nipo mahali, nitume ishara. Nifanyeje lisiwe la kitoto? – Msomaji Mzee

Jibu: Mzee wetu, umetanguliwa na Robert Thouless, mwanasaikolojia wa Uingereza. Mwaka 1948 alichapisha ujumbe wa mafumbo ambao ufunguo wake alikuwa nao kichwani tu, akikusudia kuutuma baada ya kufa. Fumbo la kwanza lilifumbuliwa na msomaji upesi, yakabaki mawili mengine. Alifariki mwaka 1984. Fumbo moja lilivunjwa kwa kompyuta miaka ya 1990, na lililobaki mwaka 2019. Kosa lake lilikuwa kutumia kufuli ambalo walio hai wangeweza kulifungua.

Wewe fanya hivi. Tafuta orodha ya maneno 7,776 iliyotengenezwa kwa ajili ya nywila. Rusha dadu mara 5 kupata neno moja, rudia mpaka upate maneno sita. Usichague mwenyewe hata neno moja, kwa maana utachagua jina la mjukuu. Maneno sita ya namna hiyo yanatoa michanganyiko zaidi ya 2 ikifuatwa na sifuri 23. Kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, yapitishe kwenye programu ya SHA-256, ambayo huyageuza kuwa alama 64 zisizorudishika nyuma. Hizo alama 64 wagawie watu kumi, chapisha ukipenda. Karatasi ya maneno ichome, na programu isihifadhi kitu. Kisha yakariri kila siku kwa wiki mbili, halafu mara moja kwa wiki maisha yako yote.

Amua mapema ni majaribio mangapi yatapokelewa na mwisho wake lini, la sivyo watu watabahatisha kwa karne. Kisha ujue matokeo yatasema nini. Kimya hakitasema lolote: huenda haupo, huenda upo na huwezi, huenda una shughuli bora. Maneno yakifika, mtu wa kwanza kushukiwa atakuwa aliyekuchungulia begani, wala si malaika. Tukio moja litabaki kisa. Watu ishirini wasiojuana, wenye mafumbo tofauti, wakifaulu, hapo wengi wetu tutaketi upya. Hatari kubwa kuliko zote ni ya kawaida kabisa: kusahau neno la nne ukiwa bado hai.

Mwisho, kando ya zile alama 64 andika jina la programu, na kwamba maneno yaliandikwa kwa herufi ndogo, nafasi moja kati ya neno na neno, bila nukta. Nafasi moja ikizidi, alama zote hubadilika, na ujumbe utakaokuwa umetoka mbali kiasi hicho utakataliwa mlangoni kwa kosa la uandishi.